Usaili umekwisha, andika asante

Gazeti la mwisho wa wiki halikosi tangazo lile. Juu kuna picha ya marehemu, tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki. Chini yake familia inamshukuru daktari na wauguzi wa wodi, padri au shehe aliyeongoza mazishi, majirani, wafanyakazi wenzake na kamati ya mazishi, kisha inaomba radhi kwamba si rahisi kumtaja kila mmoja kwa jina. Nafasi hiyo gazetini inalipiwa, na zipo familia zinazoilipia huku zikidaiwa fedha za jeneza. Hakuna anayeona ajabu. Harusi ikipita, mwenyekiti wa kamati anaandika kwenye kundi la WhatsApp kuwashukuru wote waliotoa mchango. Mgeni aliyelala kwako usiku mmoja, akifika kwao anapiga simu: nimefika salama, asanteni sana.

Sasa mtazame mtu huyohuyo akitoka kwenye usaili wa kazi. Watu watatu au wanne wameacha shughuli zao, wamesoma CV yake, wamemsikiliza nusu saa nzima, wamemkaribisha maji. Anainuka, anasema asante mlangoni, basi. Siku zinazofuata ni za kuchungulia simu. Kuandika mistari minne ya shukrani hakumjii akilini, na wazo hilo likimjia analifukuza, maana anahisi ataonekana anajipendekeza au anatafuta kupita mlango wa nyuma.

Mimi namtetea anayeandika. Barua fupi ya asante baada ya usaili ni jambo la kiungwana, inasaidia, na vijana wetu wanaotafuta kazi hawafundishwi kuiandika popote. Ipo pia mahali ambapo haifai kabisa kuandikwa, na hilo nalo hawaambiwi.

Desturi hii imeshika mizizi zaidi Marekani. Mmoja wa walioieneza ni Richard Nelson Bolles, mchungaji wa Kianglikana aliyepoteza kazi yake San Francisco mwaka 1968. Alipoona wachungaji wenzake nao wanapunguzwa kazini, aliwaandikia mwongozo wa kutafuta ajira, akautoa mwenyewe mwaka 1970. Mwongozo huo ndio kitabu *What Color Is Your Parachute?*, ambacho kimeuzwa nakala zaidi ya milioni 10. Bolles alisisitiza kwamba mtu akishasailiwa aandike asante jioni ileile, na amwandikie kila aliyekutana naye, akiwamo katibu muhtasi aliyempokea. Ushauri huo ulitoka kwa mtu aliyejua kukosa kazi ni nini, akiwaandikia watu waliokuwa na familia za kulisha.

Baadaye mambo yalikaza. Mwezi Aprili 2019, Jessica Liebman, mhariri mwandamizi wa kampuni ya habari ya Insider ya Marekani, aliandika kwamba kanuni yake ni moja: asiyetuma barua pepe ya asante baada ya usaili asipewe kazi. Hoja yake ilikuwa kwamba anayeandika ameonyesha anaitaka kazi, na kwamba ni mtu mwema. Wasomaji wengi walimjia juu. Walisema hiyo ni kanuni isiyoandikwa popote, na anayeifahamu ni yule aliyelelewa na wazazi waliokwishapita katika ofisi za namna hiyo. Mtoto wa mkulima au mhamiaji ataijulia wapi?

Mimi nawaunga mkono waliompinga. Mwajiri anayemkata mtu kwa sababu hakuandika asante anampima kwa mtihani ambao hakuambiwa kwamba upo. Fikiria kijana wa Kigoma aliyefaulu vizuri uhasibu, anatupwa nje kwa sababu hiyo tu! Lakini kosa la mwajiri wa aina hiyo halimzuii kijana kuandika. Kijana anaandika kwa sababu zake, na hizo ndizo ninazotaka kuzieleza.

Kwanza niiondoe hofu ya kuonekana unajikomba. Mwaka 2018 watafiti wawili, Amit Kumar na Nicholas Epley, walichapisha utafiti juu ya barua za shukrani za kawaida, zisizohusu usaili. Waliwaomba watu wawaandikie waliowahi kuwatendea jambo jema, wakawauliza wanadhani barua itapokelewaje, kisha wakawauliza wapokeaji wenyewe. Waandishi walidhani mpokeaji ataona aibu na kujisikia vibaya kuliko ilivyokuwa kweli, na furaha yake waliikadiria chini. Walihangaika na ufasaha wa maneno, kumbe mpokeaji alichokiona ni moyo wa aliyeandika.

Kisha kuna kazi yenyewe ya barua. Katika kampuni binafsi ya kawaida, kila msaili ana fomu ya alama. Elimu ina alama zake, uzoefu zake, majibu ya maswali zake. Mwisho wa siku wanajumlisha, na mara nyingi aliyeongoza anaonekana bila ubishi. Barua ya asante haiwezi kumfikia huyo na kumshusha. Inapofanya kazi ni pale wawili wanapofuatana kwa alama moja au mbili, uamuzi ukaahirishwa hadi kesho, na kesho asubuhi meneja anafungua kompyuta na kukuta mmoja wao ameandika jambo lenye akili. Kwa nafasi kama mapokezi, huduma kwa wateja, mauzo au ofisa miradi, ambako kuandika vizuri ni sehemu ya mshahara, barua hiyo ni sampuli ya kazi iliyoletwa bila kuombwa.

Chukua mfano wa binti aliyesailiwa nafasi ya mapokezi katika hoteli moja ya Kiwengwa, Unguja. Ameulizwa: mgeni amefika saa tano usiku, ana risiti mkononi, chumba alichokilipia amepewa mtu mwingine na hoteli imejaa, utafanyaje? Ni tatizo la kila siku katika biashara hiyo, hasa msimu wa wageni wengi. Binti akajibu kwamba angemwomba radhi, akakwama hapo. Njiani, ndani ya daladala, jibu lote likamjia. Kesho yake saa tatu asubuhi anaandika hivi:

"Bi. Fulani, habari za asubuhi. Nakushukuru wewe na wenzako kwa muda mlionipa jana kwenye usaili wa nafasi ya mapokezi. Swali la mgeni aliyekuta chumba chake kina mtu nililijibu nusu. Baada ya kumwomba radhi ningemkalisha na kumpa kinywaji, huku nikipiga simu hoteli ya jirani kumtafutia chumba cha hadhi ileile kwa gharama yetu. Ningemwitia teksi, na ningeandika kila kitu kwenye daftari la zamu ili anayeingia asubuhi asimuulize upya. Nilifurahi kusikia mnapokea wageni wengi kutoka Italia. Kiitaliano changu kwa sasa ni cha kusalimia na kuelekeza njia, na ninaendelea kujifunza. Kama mnahitaji cheti chochote zaidi, nitakileta. Ahsanteni."

Imekwisha. Inasomwa kwa dakika moja. Ndani yake meneja amejua kwamba binti huyu akitoka kazini anaendelea kuifikiria kazi, kwamba anajua gharama ya mgeni aliyeudhika ni ya hoteli na hasukumiwi mgeni, na kwamba hadanganyi juu ya lugha anazozijua. Hakuna sifa hata moja aliyojipa. Hakusema ni mchapakazi wala mbunifu, maneno ambayo yamo katika kila CV na hayajamsaidia mtu.

Tatizo la wengi ni kwamba barua waliyofundishwa shuleni ni moja tu: anwani mbili, tarehe, YAH kwa herufi kubwa, kisha "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu," kisha "Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 26," na mwisho "Wako mtiifu" au, kwa waliosoma zamani, "Wako katika ujenzi wa taifa." Mtindo huo una mahali pake. Ombi la kazi la karatasi linalopita masijala na kupigwa muhuri lazima liwe hivyo, vinginevyo halitafika mbali. Lakini asante ikivalishwa joho hilo inakufa. Anayeisoma anaona fomu nyingine ya kujaza jalada.

Lugha iwe ileile mliyoitumia chumbani. Kama usaili ulikuwa wa Kiswahili, andika Kiswahili bila wasiwasi. Nimeona watu wakitoka kwenye mazungumzo mazuri ya Kiswahili, wakaandika Kiingereza cha kukopa mtandaoni, na msomaji akashindwa kumtambua mtu aliyekaa mbele yake jana. Hata kwa Kiingereza, maneno ya kunakili yanajulikana, maana anayesaili ameshayaona mara nyingi. Jambo moja mahususi lililozungumzwa chumbani mle linatosha kuonyesha kwamba barua ni yako.

Saa za kutuma ni kesho yake asubuhi, saa za kazi. Ukichelewa wiki nzima, uamuzi umeshafanyika na barua inageuka kuwa ukumbusho. Majina ya waliokusaili yaulize mapokezi wakati wa kutoka, kwa heshima, na uliza yanavyoandikwa. Mtu aliyekosewa jina lake hasomi kwa moyo mkunjufu. Kuhusu cheo, "Bi.", "Bw." au "Ndugu" vinatosha. "Mheshimiwa" mwachie mbunge, na "bosi wangu" subiri uajiriwe.

Itumwe wapi? Ijibu anwani ileile iliyokuita. Kama waliokuita walitumia barua pepe ya ofisi, jibu hapo. Kampuni ndogo nyingi siku hizi huita watu kwa WhatsApp. Hapo jibu hapohapo, kwa maandishi, bila ujumbe wa sauti. Usiende kutafuta namba binafsi ya msaili kwa rafiki wa rafiki. Hili nalisisitiza zaidi kwa mabinti. Wapo wakubwa wanaouchukua ujumbe wa kawaida wa asante kama mlango uliofunguliwa, wakaanza kukuita kwenye "mazungumzo ya ziada" hotelini jioni. Hiyo ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja kuwa kosa. Barua iliyokwenda kwa anwani ya ofisi, mchana, inabaki kwenye kumbukumbu na inakulinda. Mtu akikuita pembeni, usifute ujumbe wake, na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wanapokea simu bila malipo kwa namba 113.

Yapo ya kuacha. Usieleze kwamba wewe ni kifungua mimba na wadogo zako watano wanakutegemea. Ni kweli, na inauma, lakini meneja hana fomu ya kuipima, na mwenzako uliyeshindana naye pengine anao saba. Usimtaje mjomba anayefahamiana na mkurugenzi. Dua fupi mwishoni ni ya kwetu na haina ubaya. Zawadi ni mwiko, hata iwe korosho za nyumbani Mtwara au doti ya khanga. Mpaka kati ya shukrani na rushwa umeshatufikisha mahakamani nchi nzima: sheria ya uchaguzi iliyorekebishwa mwaka 2000 iliruhusu takrima ya wagombea kwa wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta. Anayepeleka mfuko wa korosho ofisini baada ya usaili anamtia mwenyeji wake matatani na kujiharibia mwenyewe.

Hapo ndipo tunapofika serikalini, na msimamo wangu huko ni tofauti. Kama umesailiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, usiandike.

Anayeufahamu utaratibu ataelewa. Unaomba kupitia mfumo wa Ajira Portal. Linatoka tangazo la kuitwa kwenye usaili, na masharti yake watafuta kazi wamekwishayakariri: fika na kitambulisho, fika na vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa hadi cha taaluma, hati za matokeo hazitakubaliwa, kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Unafanya mchujo wa kuandika. Kwa kada kama madereva kuna usaili wa vitendo. Wanaovuka wanaingia kwenye mahojiano ya ana kwa ana, wanapewa alama, na alama ndizo zinazopanga nani anaitwa kazini. Aliyefaulu akakosa nafasi anabaki kwenye kanzidata, na nafasi ikitokea anaweza kupangiwa.

Mfumo huo ulijengwa ili kujulikana na mtu kusisaidie. Waliokuzunguka mezani siku ile wanafanya kazi huku wananchi wakiwashuku kila siku kwamba nafasi zina wenyewe. Ujumbe wako ukiingia kwenye simu ya mmoja wao, hata uwe wa adabu kiasi gani, umempa kitu cha kujieleza. Nchini Kenya matangazo ya kazi za umma hulisema jambo hilo wazi: kushawishi kwa namna yoyote kutamwondolea mwombaji sifa papo hapo. Asante haijawa ushawishi, lakini kijana asiye na mtu wa kumtetea hana sababu ya kusogelea mstari huo. Huko sema "asanteni kwa muda wenu" ukiwa umesimama, chukua bahasha yako ya vyeti, ondoka, usubiri akaunti yako ikuambie. Halmashauri na mashirika ya umma uyahesabu hivyohivyo. Mashirika ya kimataifa yana kanuni kali pia, kwa hiyo huko iandikie ofisi ya rasilimali watu iliyokuita, mistari miwili, bila kumgusa msaili mmoja mmoja.

Kuna watu wengine ambao kuwashukuru hakuna sheria inayokuzuia, na ndio tunaowasahau zaidi: wadhamini wako. Mwalimu wa chuo aliyekubali jina lake liwe kwenye CV yako anapigiwa simu na waajiri asiowajua, akiwa darasani, na anatafuta maneno ya kukusifu. Wengi hawaambiwi hata kama kazi ilipatikana. Wanakuja kujua mwaka wa pili, pale kijana yuleyule anapohitaji barua nyingine. Shukrani ya punda ni mateke, walisema wazee. Mpigie mwalimu jioni ya usaili, umwambie umeulizwa nini na nani anaweza kumpigia. Ukipata kazi, mpigie kabla hujabadilisha picha ya WhatsApp. Mwandikie na yule aliyekutumia tangazo la kazi, na shangazi aliyekukopesha nauli. Hao ndio mtandao wako, na kazi ya pili mara nyingi itapitia kwao.

Inabaki barua ngumu kuliko zote, ya aliyekosa. Umeambiwa wamemchukua mwingine. Andika tena. Sema umepokea taarifa, unashukuru kwa kuambiwa, na kwamba nafasi kama hiyo ikitokea ungependa kufikiriwa. Nimekaa upande ule wa meza, na najua kinachotokea: aliyechaguliwa wakati mwingine anapata kwingine kabla hajaripoti, au hamalizi muda wa majaribio. Hapo hakuna anayetaka kutangaza upya, kupokea maombi mamia na kukusanya jopo lingine. Linafunguliwa jalada la waliofuatia. Aliyeondoka kwa maneno mazuri ni rahisi kumpigia, kwa sababu unajua atapokea simu bila kinyongo.

Lakini ili mtu ashukuru kwa kuambiwa, lazima kwanza aambiwe. Na hapa nawageukia waajiri, maana tumewadai adabu vijana peke yao kwa muda mrefu mno. Ule mstari wa "usipotusikia ndani ya wiki mbili ujue hukufanikiwa" una nafasi yake kwa maombi mia tano yaliyoingia kwa barua pepe. Hauna nafasi kwa mtu uliyemwita, akaja, akakaa mbele yako. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 za basi. Kuna nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha njiani, usiku mmoja wa gesti Manzese, shati lililopigwa pasi kwa jirani. Mtu huyo anarudi nyumbani, anakataa kibarua cha wiki kwa kuogopa kwamba ataitwa wakati yuko shambani, na haitwi. Anakaa hivyo mwezi mzima kwa sababu ofisi yenye intaneti, umeme na mtu wa HR anayelipwa kila mwisho wa mwezi haikumtumia maneno ishirini.

Waliofika kwenye mahojiano yenu hawazidi kumi. Namba zao mnazo, kwa kuwa ndizo mlizotumia kuwaita. Siku mnayomaliza kujumlisha alama na kumchagua mmoja, kabla ofisi haijafungwa, waandikieni wale tisa.